Kampuni inataka kununua picha na filamu zangu zote: je, nitie sahihi?

Ndugu Mshauri,

Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa miaka 56, mkazi wa Majengo hapa Mombasa. Kazi ya picha niliianza mwaka 1991 nikiwa mwoshaji picha katika studio moja ya mjini, kisha nikafungua studio yangu mwenyewe. Kwa kuwa wakati huo wanawake wenye kamera walikuwa wachache, nyumba nyingi za Kibokoni, Bondeni na hata Malindi zilinitafuta kwa sherehe za kike, hasa usiku wa kupamba, ambapo mwanamume haingii ukumbini na bi harusi hukaa jukwaani bila buibui, amepambwa kuanzia nywele hadi hina ya miguuni. Nilitumia kamera za mkanda hadi mwaka 2006, nilipohamia dijitali. Wateja walichukua albamu zao, nami nikabaki na negativi, yaani vipande vya mkanda vilivyotoka kwenye kamera, ambazo sasa zimejaa masanduku chumba kizima. Siku zisizokuwa na harusi nilipiga picha za mji kwa mapenzi yangu tu: majahazi katika Bandari ya Kale, abiria wa feri ya Likoni, mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997, stesheni ya zamani ya reli.

Marehemu mume wangu alikuwa msambazaji wa filamu. Alikwenda Dar es Salaam, akakubaliana na watayarishaji, akarudi na nakala kuu pamoja na ruhusa ya kutoa nakala za VCD na baadaye DVD, akaziuza madukani kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu. Filamu mbili alizigharimia mwenyewe, zikapigwa Kisauni na Kwale. Biashara ilikufa watu walipoanza kuhamishiana filamu kwa flashi na simu. Mume wangu alifariki mwaka 2019, na karatasi zake ziko katika sanduku la bati: nyingine ni mikataba kamili, nyingine ni risiti tu.

Mwezi uliopita kampuni moja ya Nairobi iliniletea mkataba wa Kiingereza wa kurasa nne. Wanataka kunilipa Sh600,000 mara moja, nami niwape picha zote na filamu zote, pamoja na negativi na kanda zenyewe, kwa haki zote, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa baadaye, duniani kote na milele. Mtoto wa dada yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, ananiambia nikatae, nimwachie yeye masanduku ayaskani, tufungue chaneli ya YouTube tupakie harusi za zamani na filamu za mjomba wake. Binti yangu naye anasema picha za kupamba hazifai kuonekana na mtu yeyote. Wakati huohuo negativi nyingine zimeanza kuota ukungu, na sanduku moja linanuka siki. Sina pensheni, kodi ya studio nadaiwa, na laki sita kwangu si pesa kidogo. Nifanye nini?

Mama wa Studio, Majengo

*

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Pole kwa kufiwa na mwenzako, na nakushukuru kwa kunieleza mambo kwa urefu.

Usitie sahihi mkataba huo kama ulivyoandikwa. Sababu yangu kubwa haihusu kiasi cha pesa. Mkataba unakutaka uuze vitu vya aina tatu kana kwamba ni kitu kimoja: vilivyo vyako hasa, vya mirathi ambavyo bado huna idhini ya kuviuza peke yako, na vya watu wengine ambavyo wewe ni mtunzaji wake tu. Mikataba ya namna hii karibu yote huwa na kifungu cha dhamana, ambacho kwacho muuzaji anaapa kwamba haki zote ni zake na kwamba yeye ndiye atakayelipa iwapo mtu mwingine atajitokeza kudai. Kitafute kifungu hicho katika kurasa zako nne, kwa sababu hicho ndicho kinachoweza kukutoa laki sita hizo mkononi pamoja na nyingine usizokuwa nazo.

Tuanze na harusi, maana ndizo zilizojaza chumba. Watu wengi wa kazi yetu huamini kwamba aliyeshika kamera ndiye mwenye picha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema vingine: mtu akikuagiza umpigie picha, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwake aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana kinyume cha hapo. Kwa hiyo, ikiwa hukuandikiana na familia zile kwamba haki zinabaki kwako, na sidhani kama kuna mpigapicha wa harusi aliyekuwa akiandikiana hivyo hapa Mombasa miaka ya tisini, plastiki ya negativi ni mali yako lakini haki ya kuichapisha picha si yako. Huwezi kuiuzia kampuni, wala kuipakia kwenye chaneli.

Juu ya hakimiliki kuna sheria nyingine, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inaihesabu sura ya mtu kuwa taarifa yake binafsi na inadai idhini yake kabla ya kuitumia kibiashara. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Linganisha kiasi hicho na bei uliyopewa.

Hata kama sheria hizo zisingekuwepo, dada yangu, ningekuomba uyafunge masanduku ya kupamba. Uliingia katika kumbi zile kwa sababu ulikuwa mwanamke na kwa sababu uliaminiwa. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 usiku ule, akasimama mbele ya kamera yako kichwa wazi, mabega wazi, dhahabu ya mama yake shingoni, alijua kabisa kwamba picha itaishia kabatini kwake na kwa dada zake. Leo huenda ana wajukuu. Sura yake ile kuonekana katika simu ya kila mtu ni jambo ambalo halitafutika kwa kuomba radhi, na jina lako ndilo litakalotajwa katika kila nyumba ya Mji wa Kale. Binti yako yuko sahihi kwa kila neno. Naongeza lingine ambalo pengine hamkulifikiria: kijana wa dada yako asiziskani negativi hizo, hata kwa nia njema, kwa kuwa kuziskani ni kuziangalia moja baada ya nyingine kwenye kioo kikubwa. Kazi hiyo ifanywe na wewe na binti yako, katika kompyuta isiyounganishwa na intaneti.

Hapo hapo ndipo ninapoiona riziki yako iliyo karibu zaidi. Familia hizo nyingi albamu zao zimeharibika. Joto na unyevu wa pwani hii tunaujua, na albamu zile za kurasa za gundi huzigeuza picha kuwa za manjano. Wewe unazo negativi, nao ndio wenye haki. Waendee. Waambie unaweza kuwatengenezea upya picha za harusi ya mama yao, ukawakabidhi kwa flashi na kwa karatasi, mkono kwa mkono, mwanamke kwa mwanamke, kwa malipo. Toza kwa sanduku au kwa harusi, chukua nusu kabla ya kuanza, na mwisho wa kazi waulize kama wanataka negativi zao warudishiwe. Sioni mtu mwingine katika mji huu anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa heshima uliyonayo, na hiyo ni biashara ya dijitali kamili hata kama hakuna kinachopakiwa popote. Ikiwa mwenye picha mwenyewe atapenda moja yake itumike katika maonyesho au kitabu, aandike ridhaa yake na kutia sahihi, na ieleze ni picha ipi na kwa matumizi gani.

Filamu za marehemu zinahitaji utulivu zaidi. Zitenge kwanza zile mbili alizozigharimia. Katika sheria yetu, mtunzi wa filamu ni yule aliyefanya mipango ya kuifanikisha, na kwa maelezo yako huyo alikuwa mume wako. Ulinzi wake hudumu miaka 50. Lakini yeye ametangulia, kwa hiyo haki hizo ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba au gari, na kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa kisheria hakuna anayeweza kuziuza, si wewe, si mtoto, si ndugu. Ikiwa mirathi bado haijafunguliwa, nenda Mahakama ya Kadhi pamoja na warithi wengine mkaifungue, na mhakikishe filamu hizo zimetajwa katika orodha ya mali, maana watu huorodhesha viti na makabati wakaiacha hakimiliki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chunguza pia nyimbo zilizotumika ndani yake: ikiwa taarabu fulani iliwekwa bila idhini ya mwenyewe, mnunuzi makini atauliza, na ni heri ujue mapema.

Filamu zilizotoka Dar es Salaam ni jambo tofauti kabisa. Msambazaji hakununua filamu. Alinunua ruhusa, na ruhusa ina mipaka ya namna tatu, yaani njia, eneo na muda. Fungua sanduku la bati, usome kila mkataba kwa maswali hayo matatu. Mkataba unaosema VCD na DVD, mkoa wa Pwani, miaka mitano, haumpi mtu haki ya kuionyesha filamu kwenye intaneti hata dakika moja, na miaka mitano hiyo imekwisha zamani. Ikiwa kuna karatasi inayosema marehemu alinunua haki zote, hiyo ni lulu, ihifadhi peke yake. Ila sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi na utiwe sahihi na aliyehamisha, kwa hiyo risiti tupu haitoshi. Msidhani kwamba filamu ya Tanzania haina mwenyewe ikivuka Horohoro: Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na kila nchi inazilinda kazi za mwenzake.

Sasa tufike kwenye kilicho chako. Picha ulizopiga kwa mapenzi yako, bila kuagizwa na mtu, ni zako kamili. Ile ya mafuriko uliyoipiga mwaka 1997 inalindwa angalau hadi mwisho wa mwaka 2047. Huhitaji cheti ili haki hiyo iwepo, lakini kusajili kazi zako katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kunakupa ushahidi ambao wakili yeyote angependa kuwa nao. Katika barua yako umezitaja kwa mstari mmoja tu, baada ya kuzieleza harusi kwa kirefu, na naona umezipunguzia thamani. Majahazi na feri na stesheni ya miaka ya tisini havitapigwa tena. Studio ya Parekh hapa Mombasa na ile ya Bakor kule Lamu zilihudumia wateja wa kawaida, na leo kazi zao zinachunguzwa na wanahistoria wa sanaa. Mpigapicha wa habari Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963 akiwa kijana Dar es Salaam, akapiga picha za njaa ya Ethiopia zilizoutikisa ulimwengu mwaka 1984, akafariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro. Hazina yake ilibaki katika familia, na mwanawe Salim Amin ameendelea kuisimamia hadi katika zama za intaneti. Njia za kuuzia picha zimebadilika mara nyingi tangu mwaka ule wa 1963, na kila zilipobadilika, picha zilizokuwa na mwenyewe zilipata soko jingine.

Ndiyo maana maneno ya njia zitakazobuniwa baadaye na milele ndiyo yaliyo ghali kuliko yote katika mkataba wako. Mwenye nyumba mbele ya bahari huipangisha, haiuzi kwa sababu mpangaji mmoja amekuja na pesa taslimu. Waandikie kampuni kwamba uko tayari kuwapa leseni isiyo ya kipekee ya picha za mji zilizo katika orodha utakayoiandaa, kwa muda wa miaka miwili au mitatu, kwa matumizi yatakayotajwa moja moja, kwa malipo ya mwanzo pamoja na asilimia ya mapato, na taarifa ya hesabu kila baada ya miezi mitatu. Wapewe faili, wasipewe negativi. Na kama watafilisika au kuuza kampuni yao, leseni ife palepale. Wakikubali, pengine kianzio kitakuwa kidogo kuliko laki sita, lakini utaweza kumpa leseni nyingine mwandishi wa kitabu, mtayarishaji wa makala ya televisheni na hoteli inayotaka kupamba kuta zake, kwa picha hiyohiyo. Mkataba wa Kiingereza usiusome peke yako. Mlipe wakili wa saa moja.

Kijana wako usimvunje moyo, kwa kuwa ana elimu unayoihitaji. Afungue chaneli kwa kutumia picha zako za mji na sauti yako ukizisimulia, na baadaye zile filamu mbili za marehemu mirathi ikishakamilika na vyeti vya Bodi ya Uainishaji wa Filamu vikishapatikana. Aelewe lakini kwamba YouTube hailipi mapato ya matangazo hadi chaneli ifikishe wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zake fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na kwamba maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima. Kuna na kodi: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla pesa hazijakufikia, ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya dijitali, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 hukatwa katika mapato yanayotokana na watazamaji walio huko. Kodi ya pango la studio haitalipwa na chaneli mwaka huu. Italipwa na zile familia.

Limebaki lile sanduku linalonuka siki, nalo ni la leo. Harufu hiyo ni plastiki ya negativi yenyewe inayooza, na mvuke wake huziambukiza negativi zilizo jirani. Joto na unyevu huuharakisha uozo huo. Ukishaanza hautibiki, unapunguzwa kasi tu. Litoe katika chumba hicho, liweke peke yake penye hewa na ubaridi, na liwe la kwanza kuskaniwa. Ushike negativi kwa kingo ukiwa umevaa glavu za pamba, uziskani kwa 4,000 dpi (nukta 4,000 kwa kila inchi), kipimo kinachotoa takriban pikseli milioni 20 kwa negativi moja ya milimita 35, na uhifadhi faili za TIFF badala ya zile zilizobanwa. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na mojawapo ikae nyumba nyingine. Zenye ukungu zitenge katika bahasha za karatasi pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na usizifute kwa maji. Kwa upande wa filamu, tafuteni kanda za asili zilizotoka kwenye kamera: picha ya VCD ina pikseli 352 kwa 288 tu, na hakuna kituo cha televisheni kitakachoipokea, ilhali kanda ya kamera inaweza kurudishwa katika hali nzuri zaidi.

Barua ya kampuni ijibu wiki hii, kwa aya mbili, kwa adabu. Wape orodha ya picha 50 za mji, waombe wakuletee rasimu mpya ya leseni, na uwaeleze wazi kwamba picha za harusi haziuzwi na kwamba filamu zinasubiri mahakama. Rasimu yao ikija, nitumie nakala kabla ya kwenda kwa wakili, tuisome pamoja.